Glasi ya Pili na Glasi ya Sita: Kisa cha Kamati ya Harusi Iringa

Mzozo ulianzia kwenye mstari mmoja wa bajeti: waini, shilingi 1,200,000. Kamati ilikuwa ikikutana Gangilonga, mjini Iringa, na hadi jioni hiyo ilikuwa imeshapitisha ukumbi, chakula, mapambo, MC na gari la maharusi bila mtu kupandisha sauti. Bia na soda nazo zilipita. Kwenye waini wakakwama.

Mjomba wa bwana harusi, mtu aliyehudumu katika mahoteli ya Dar es Salaam hadi akastaafu, alitaka chupa za waini ya Bordeaux, Ufaransa, kwa meza kuu na nyekundu ya Cabernet Sauvignon kutoka Stellenbosch, Afrika Kusini, kwa meza nyingine zote. Mweka hazina akapiga hesabu palepale. Chupa ya mililita 750 inatoa glasi tano za mililita 150. Wanywaji wa waini wakikadiriwa kuwa mia moja, kila mmoja glasi mbili, zinahitajika chupa 40. Stellenbosch ya shilingi 48,000 ingekula 1,920,000, na hapo Bordeaux ya 135,000 haijaguswa. Yeye alipendekeza waini nyekundu ya Dodoma, 15,000 kwa chupa. Jumla 600,000, na nusu ya fedha inarudi kwenye nyama.

"Mwanangu," Mjomba akamwambia, "wakwe wanatoka Njombe kuja kuona tunawapokeaje. Utawawekea mezani waini ya grosari?"

"Kwa heshima yako Mjomba, ikishamiminwa kwenye glasi nani ataijua?"

Kikao kikagawanyika. Katibu, ambaye ni mwalimu wa kemia sekondari, akasema jambo hilo halihitaji kupigiwa kura wakati linaweza kupimwa. Wanunue chupa moja moja, wazifunge magazeti, watu waonje bila kujua wanakunywa nini. Wote wakakubali, Mjomba akiwa wa kwanza.

Mimi niliingia baada ya raundi hiyo ya kwanza, nilipoletewa karatasi za maksi na kuulizwa zinasema nini. Kazi yangu ni majaribio ya mbegu, na nadhani walinifuata kwa kuwa nimezoea kukatisha tamaa watu waliokwisha kufurahia matokeo.

Walivyoonja

Walikuwa waonjaji wanane, barazani kwa Katibu kule Kihesa, usiku wa Julai. Waini zilikuwa tano, zote nyekundu. Ya kwanza ilitoka kwenye boksi la lita tano la Afrika Kusini lililonunuliwa 60,000, maana yake ujazo wa chupa moja ni kama 9,000. Ya pili ni ya Dodoma, kavu, yaani isiyo tamu, iliyofika Iringa kwa barabara ya Mtera, safari ya kilometa zipatazo 260. Nyingine zilikuwa nyekundu tamu ya Afrika Kusini ya shilingi 22,000, ile Stellenbosch ya 48,000, na Bordeaux ya 135,000.

Waini tano, lakini kila mtu alipewa glasi sita, kila moja ikiwa na mililita 40. Mpangilio ulikuwa mmoja kwa wote: boksi, Dodoma, Bordeaux, Stellenbosch, tamu, kisha ya sita. Maksi zilikuwa 1 hadi 10, kwa swali moja tu: umeipenda kiasi gani? Hakuna aliyetema. Katibu alikuwa ameweka ndoo, lakini kutema kinywaji cha watu mbele ya wakubwa zako ni jambo ambalo hata sayansi haikuweza kuliruhusu barazani pale.

Kila waini ingeweza kupata maksi 80. Boksi lilipata 44. Dodoma 51. Bordeaux 43. Stellenbosch 49. Tamu 60. Glasi ya sita 36.

Kabla magazeti hayajamaliza kufunguliwa, mweka hazina alikuwa ameshatuma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la kamati: Dodoma imemshinda Mfaransa kwa maksi nane. Vicheko, ngoma, bendera ya taifa. Mjomba akanyamaza. Ndipo Katibu akafungua gazeti la mwisho na kuwaonyesha kwamba glasi ya sita ilitoka chupa ileile ya glasi ya pili. Dodoma, na Dodoma tena.

Kelele za ulimi

Waini moja, chupa moja, saa moja, midomo ileile, na tofauti ya maksi 15. Mweka hazina alikuwa anashangilia ushindi wa maksi nane. Kama Katibu angeimimina Dodoma mara moja tu, na mpangilio ukaitupa nafasi ya sita badala ya pili, habari iliyoenda WhatsApp ingekuwa kwamba Mfaransa ameibwaga Dodoma kwa maksi saba, na kila mtu angeiamini vilevile.

Ndiyo maana nasema glasi yenye thamani kuliko zote usiku ule ilikuwa ya sita. Shambani hatupandi mbegu mpya katika kishamba kimoja tukailinganisha na ya jirani. Tunapanda mbegu ileile katika vishamba kadhaa vilivyotawanyika, ili tuone udongo peke yake unaweza kuleta tofauti kiasi gani kabla hatujaisifu mbegu. Glasi ya kurudia inafanya kazi hiyohiyo. Inakupa kipimo cha unavyotofautiana na nafsi yako, na tofauti yoyote iliyo ndogo kuliko hiyo huna haki ya kuitangaza.

Wala si tatizo la wanakamati wa Iringa. Robert Hodgson, profesa mstaafu mwenye kiwanda kidogo cha waini California, alipata idhini ya kuwapima waamuzi wa mashindano ya waini ya maonyesho ya jimbo hilo. Ndani ya msururu wa glasi, waini moja kutoka chupa moja ililetwa mara tatu bila waamuzi kujua. Matokeo aliyachapisha mwaka 2008: ni takriban mwamuzi mmoja katika kumi aliyeweza kuipa waini hiyohiyo maksi zinazokaribiana vya kutosha. Baadhi ya waliobaki waliipa medali glasi moja, na glasi nyingine ya chupa ileile wakaiona ya kawaida. Hao ni watu wa fani.

Watu hupenda kusimulia pia shindano la Paris la tarehe 24 Mei 1976, ambapo Steven Spurrier, mfanyabiashara Mwingereza aliyekuwa na duka la waini jijini humo, aliwakusanya waonjaji mashuhuri wa Ufaransa wakaonja waini za kwao na za California bila kuona chupa. California ikaongoza kote, nyeupe na nyekundu. Kisa kinasimuliwa kama ngwala ya mwaka. Lakini kwenye nyekundu, Stag's Leap ya 1973 ya California ilipata wastani wa 14.14 kati ya 20, na Château Mouton-Rothschild ya 1970 ya Ufaransa ikapata 14.09. Pengo la pointi 0.05! Sisi barazani tumeona mtu mmoja akijipinga mwenyewe kwa pointi nzima tano. Kwa maoni yangu, kilichothibitishwa Paris ni kwamba waini za California zilistahili kukaa meza moja na za Ufaransa, jambo ambalo kwa wakati ule lilikuwa kubwa vya kutosha. Nani alimzidi nani, maksi zile haziwezi kusema.

Kwa nini glasi ya sita ilianguka

Sababu ya kwanza imekaa glasi moja nyuma yake. Glasi ya tano ilikuwa tamu. Waini kavu kwa kawaida haina sukari inayozidi gramu nne hivi kwa lita, ilhali hizi tamu zina makumi ya gramu. Ukitoka kwenye sukari ukaingia kwenye waini kavu, ulimi unaipokea kama ndimu. Yeyote aliyewahi kunywa chai baada ya kula keki, akaiona haina sukari na kumbe inayo, anajua hali hiyo. Glasi ya pili yenyewe ilikuja baada ya boksi, waini nyepesi isiyo na makuu, ikaonekana ina mwili, yaani nzito mdomoni.

Sababu ya pili ni mdomo wa Mjomba. Alipoonja glasi ya pili alisema kwa sauti, "Hii ndiyo yenyewe. Hii ni Ulaya." Katibu alimsihi asubiri, lakini neno lilikuwa limeshatoka, na penseli zilikuwa bado hewani. Fikiria wewe ni rafiki wa bwana harusi, umri wako miaka ishirini na nane, umekaa mkabala na mzee aliyehudumia waini nusu ya maisha yake. Utaandika 4? Kiasi gani cha zile 51 kilitokana na waini, kiasi gani na heshima, karatasi haziwezi kutenganisha. Mambo mawili yaligongana kwenye glasi moja.

Ya tatu ni baridi, na hii iliziumiza kavu zote, hasa Bordeaux. Usiku wa Julai Iringa joto hushuka hadi nyuzi kumi na kitu, na chupa zilikuwa zimekaa nje tangu magharibi. Waini nyekundu hupendeza kwenye nyuzi 16 hadi 18 hivi. Ikipoa zaidi, harufu inajificha na tanini inajitokeza, ule ukakasi unaokausha ufizi kama ganda la ndizi mbichi. Kwa watu wa Dar es Salaam shida ni kinyume chake: chupa iliyokaa sebuleni kwenye nyuzi 30 inanuka kileo kabla hujaionja, na wengi wanaosema hawapendi waini nyekundu hawajawahi kuinywa ikiwa katika joto lake. Nyanda za juu zimejaliwa hapo. Sebule ya kawaida ya Iringa au Njombe, mbali kidogo na jiko, inatosha bila friji wala hila yoyote.

Sasa mtu mmoja mmoja. Kati ya wanane, sita waliishusha Dodoma kutoka glasi ya pili hadi ya sita, mmoja aliipandisha kwa maksi moja, na mmoja aliipa maksi ileile. Aliyeshuka zaidi ni Mjomba, kutoka 8 hadi 3. Aliyesimama imara ni Baba Mdogo, mzee kutoka Kilolo aliyefika akiuliza ulanzi, pombe ya mwanzi, uko wapi, maana kwake masika bila mbeta ya ulanzi si masika na Julai bila waini ni Julai tu. Alitoa 6, kisha 6.

Vijana wakamshangilia Baba Mdogo kama bingwa. Nikaangalia karatasi yake yote: 6, 6, 6, 6, 7, 6. Saa iliyosimama nayo haibadiliki. Uthabiti bila kutofautisha hauna kazi, na kutofautisha bila uthabiti hakuaminiki, hivyo katika raundi ya kwanza hatukuwa na mwonjaji hata mmoja aliyeonyesha yote mawili.

Ushindi wa tamu

Kitu kimoja kilisimama juu ya kelele zote, yaani kuyumba kote huko kwa maksi. Maksi 60 za waini tamu hazikuwa mbali sana na 51 za Dodoma ya kwanza, lakini ukiacha jumla ukahesabu vichwa, watu saba kati ya wanane waliipa glasi ya tano maksi zao za juu kabisa. Mjomba peke yake alikataa.

Hili halikunishangaza. Mwaka 2008 Robin Goldstein na wenzake walichapisha uchambuzi wa mionjo zaidi ya 6,000 iliyofanyika Marekani bila waonjaji kujua bei. Watu wasio na mafunzo ya waini waliipenda kidogo zaidi waini ya bei nafuu. Waliofunzwa walielemea upande wa pili, nao kidogo tu. Waini ya bei kubwa mara nyingi ni kavu, ina tanini, ina asidi na harufu ya mbao. Ni ladha ya kujifunza, kama mtu anavyojifunza kahawa chungu ya Mbozi bila sukari. Sukari haihitaji mwalimu. Tena utamu hufunika uchungu, kwa hiyo kasoro ndogo za waini hazionekani.

Wapo wanaolitumia hilo kudai waini ghali ni utapeli mtupu. Wananukuu jaribio la Richard Wiseman la mwaka 2011 kwenye tamasha la sayansi la Edinburgh, ambapo watu 578 waliulizwa ipi ni ghali na ipi ni rahisi, na wakapatia takriban nusu, sawa na kurusha shilingi. Jaribio ni halali. Ila swali lake ni la bei. Kuuliza "ipi ni ghali?" ni kumuuliza mtu kuhusu soko, ushuru na usafiri, mambo ambayo hayamo kwenye glasi. Swali la kamati lilikuwa jingine, na hata hilo lilikuwa mawili yaliyofungwa pamoja: je, wageni wataona tofauti? Na wakiiona, wataipenda ipi?

Raundi ya pili: vikombe vitatu

Kwa hiyo tuliyatenganisha. Mjomba alinunua Bordeaux nyingine kwa fedha yake, tukaleta Dodoma mpya, zote mbili zikakaa sebuleni hadi kipimajoto cha maabara cha Katibu kikasoma nyuzi 17. Tuliacha glasi, tukatumia vikombe vya bati, kwa sababu Bordeaux ilikuwa nyeusi zaidi na macho yangemaliza kazi kabla ya ulimi. Nguvu ya macho si ya kudharau. Huko Bordeaux kwenyewe, Frédéric Brochet na wenzake waliwapa wanafunzi 54 wa fani ya waini glasi ya waini nyeupe iliyotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Wakaieleza kwa maneno ya waini nyekundu. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2001 na hadi leo unawaudhi watu.

Kila mwonjaji alipewa vikombe vitatu, viwili vya waini moja na kimoja cha nyingine, akatakiwa kutaja kilicho tofauti. Mipangilio inayowezekana ni sita, na kila mtu aliupata wake kwa kuokota karatasi. Kimya hadi karatasi zikusanywe, Mjomba akiwemo. Anayebahatisha anapatia mara moja katika tatu.

Zamu ya kwanza walipatia watano kati ya wanane. Mweka hazina aliona hiyo ni wengi wape. Hapana. Watu wanane wanaobahatisha tu hufikia watano au zaidi karibu mara tisa katika mia, na mimi sipitishi mbegu kwa ushahidi wa namna hiyo. Kwa watu wanane ningetaka sita. Tukapumzika, wakala mkate, wakanywa maji, wakarudia. Mara hii walipatia sita. Jumla 11 kati ya 16, na kwa kubahatisha jambo hilo hutokea chini ya mara moja katika mia mbili. Basi tofauti ipo, na ndimi za Iringa zinaiona, hata gizani, hata kwenye kikombe cha bati.

Mjomba alipatia zote mbili. Yule aliyeipa waini moja 8 na 3 alikuwa na ulimi mkali kuliko wengi. Kilichokuwa kikiyumba ni rula yake ya maksi. Baba Mdogo alikosa zote mbili, akaomba bia.

Swali la pili likajibiwa palepale. Katika zile mara 11 za kupatia, tuliuliza: unapendelea ipi? Dodoma sita, Bordeaux tano. Hapo hakuna mshindi. Tukauliza pia ipi wanadhani ni ghali, na mara saba walitaja Bordeaux, wengine wakieleza kwamba "ni kali, itakuwa ya wakubwa". Yaani baadhi waliitambua kuwa ghali kwa sababu haikuwapendeza. Hapo ndipo maana ya matokeo ilipo: unaweza kuijua waini ya bei, ukaiheshimu, na bado ukachagua kunywa nyingine.

Baadaye ilikuja nyama ya ng'ombe ya kuchoma, na Bordeaux ikaamka. Tanini hushikana na protini za mate ndipo mdomo ukakauka. Ukiwa na nyama na mafuta mdomoni, ukakasi unapungua na matunda yanatokea mbele. Hakuna aliyeandika maksi wakati huo, kwa hiyo silihesabu kama ushahidi, lakini chupa ya Mjomba ndiyo iliyokwisha kwanza.

Fedha inakwenda wapi

Mweka hazina aliniuliza swali la haki: kama upendeleo ni sita kwa tano, zile 120,000 za tofauti zinalipa nini?

Sehemu fulani imo kwenye waini. Mapipa mapya ya mwaloni ya Bordeaux hubeba lita 225, sawa na chupa 300, ni ghali, na hupoteza nguvu ya harufu baada ya misimu michache. Zabibu kule huvunwa mara moja kwa mwaka, na mvua au barafu ikipiga vibaya mwaka umekwenda. Dodoma, kwa kuwa haina majira ya baridi ya kuulaza mzabibu, huvuna mara mbili.

Sehemu kubwa iko nje ya glasi: meli, bandari, ushuru, VAT ya asilimia 18 inayopigwa juu ya hayo yote, faida ya mwagizaji, faida ya duka. Waini inayotengenezwa nchini kwa zabibu za ndani zinazozidi asilimia 75 hutozwa ushuru wa bidhaa mdogo sana kwa lita kuliko waini ya nje. Kwa hiyo 15,000 na 135,000 hazilinganishi juhudi za wakulima wawili. Ukizinywea Bordeaux kwenyewe, pengo lingekuwa jingine kabisa, na huenda Dodoma ndiyo ingekuwa ghali.

Hoja ya Mjomba

Kikao cha mwisho kilidhani kimemaliza. Tamu kwa wengi, Dodoma kwa wapenda kavu, Bordeaux ipumzike. Mjomba akaomba dakika moja.

"Ninyi mmeonja mkiwa mmefumbwa macho. Mkwe wangu naye nitamfumba?"

Nilikuwa nimejiandaa kumpinga, lakini ushahidi uko upande wake. Mwaka 2008 Hilke Plassmann na wenzake walichapisha jaribio lililofanyika California: watu 20 walinyweshwa waini wakiwa ndani ya mashine inayosoma shughuli za ubongo. Waini ileile ya dola 90 ilitajwa mara moja kuwa ya dola 10 na mara nyingine kuwa ya 90. Ilipotajwa kwa bei kubwa waliipenda zaidi, na sehemu ya ubongo inayohusika na kuhisi raha ilichangamka zaidi. Hawakuwa wanajifanya. Walifurahi kweli. Walipoionja baadaye bila kuambiwa bei, tofauti ile haikuonekana.

Kuonja kwa kuficha kunapima kinywaji. Meza kuu hakuna kilichofichwa: chupa imesimama katikati ya maua, lebo inasomeka, mpiga picha anazunguka. Mkwe ananywa waini na heshima aliyopewa katika mmiminiko mmoja, na kwa kadiri ya jaribio lile, heshima inaonja. Kwenye meza za ukumbini, ambako wahudumu wanapita na majagi, ni ulimi peke yake unaoamua.

Kamati ikapitisha hivi: tamu chupa 24, shilingi 528,000, ipoozwe kidogo, Dodoma kavu 14, shilingi 210,000, na wahudumu waambiwe wasimmiminie mtu Dodoma kwenye glasi iliyotoka kunywewa tamu, Bordeaux mbili kwa meza kuu, 270,000, zifunguliwe saa moja kabla na ziletwe pamoja na nyama, si wakati wa keki. Jumla 1,008,000.

Mjomba alichukua kikokotoo cha mweka hazina, akatoa, akagawanya. Zilizobaki ni 192,000, ambazo ni Stellenbosch nne kamili bila chenji. Aliomba ziwekwe meza mbili za wazazi, lebo zikiwatazama wageni. Mweka hazina akarudia hesabu mara mbili, akaona imesimama, akaandika.